Mizabibu Iliyolala: Cape Town na Stellenbosch kwa Begi la Mgongoni

Baba hakuniuliza nitalala wapi wala nitakula nini. Nilipompigia simu kumwambia kwamba Julai naenda Bondeni, yaani Afrika Kusini, kutembea, alinyamaza kidogo, nikasikia kuku wakigombana nyuma yake, kisha akasema: "Ukifika kwenye mashamba yao, niangalizie wanaacha macho mangapi."

Kwa asiyelima zabibu, jicho ni kile kifundo kwenye tawi ambako chipukizi hutokea. Ukipogoa unakata tawi la msimu uliopita na kubakiza kisiki kifupi chenye macho mawili, au matatu, na wapo wanaoacha manne. Macho yakiwa mengi, vichala vinakuwa vingi lakini vyembamba, punje hazijai. Yakiwa machache, unapata vichala vichache vilivyoshiba. Kwetu Mpunguzi, njia ya Iringa ukitoka Dodoma mjini, nimeshuhudia watu wazima wakinuniana msimu mzima kwa ajili ya macho. Baba ni mtu wa matatu. Jirani yetu ni wa mawili, na akivuna lazima apite mbele ya nyumba yetu na kreti begani, hata kama anakokwenda ni upande mwingine.

Kwa hiyo nilikwenda Julai, katikati ya baridi yao, wakati wenye akili wanakwenda Desemba kupiga picha ufukweni. Julai vitanda vya hosteli vinashuka bei. Julai pia ndipo wanapopogoa.

Mtanzania hahitaji viza kuingia Afrika Kusini. Wanakugongea muhuri wa siku 90 unapofika. Tiketi yangu ya ndege iliishia Johannesburg, kwa sababu ile ya kuunganisha hadi Cape Town ilikuwa imepanda nikaona afadhali basi. Ni kilomita 1,400 hivi. Tuliondoka saa kumi na moja jioni, na kabla ya saa nne usiku kipasha joto cha basi kilikuwa kimekufa. Abiria wenzangu walitoa mablanketi kwenye mifuko yao bila kulalamika, kama watu waliokuwa wakilijua hilo tangu walipokata tiketi. Mimi nilikuwa na kikoi. Kulipokucha tulikuwa ndani ya nyika ya Karoo, na Karoo asubuhi ya Julai ni kama Manyoni, ila umeondoa mibuyu yote na kumwaga chumvi juu ya nyasi. Ile chumvi ni sakitu, umande ulioganda. Sikuwahi kuiona ikiwa imetanda kiasi kile.

Saa nne asubuhi basi likashuka mlima kuingia bonde la mto Hex, na hapo nikasimama kitini.

Bonde zima ni mizabibu. Nguzo na waya kutoka ukingo wa barabara hadi kwenye vifundo vya miguu ya milima, pande zote mbili, na milima yenyewe ina theluji kichwani. Hakukuwa na jani hata moja. Mashina meusi, matawi makavu yaliyojikunja juu ya waya, hekta kwa hekta. Mtoto wa mkulima ana namna moja tu ya kuona kitu kama hicho: nilidhani wamepigwa na ugonjwa. Nilikaribia kuwaonea huruma.

Mama aliyeketi pembeni yangu, mwenyeji wa Worcester, alinitazama nilivyokodoa macho akacheka. "Haijafa, mwanangu," aliniambia kwa Kiingereza. "Imelala."

Nililijua hilo kwa kusoma. Kuliona ni jambo jingine. Mzabibu kwa asili yake ni mti wa nchi zenye baridi ya msimu: majani yanadondoka, utomvu unashuka, mti unalala miezi kadhaa, na joto likirudi unaamka wenyewe. Dodoma hatuna baridi ya kuulaza. Mzabibu wetu haulali, tunauamsha kwa mkasi. Ukipogoa, unachipua, miezi minne baadaye unavuna, ukipumzisha kidogo, unapogoa tena. Ndiyo maana sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka na wao mara moja, za waini kuanzia Januari hadi Aprili. Wataalamu huliona kama bahati yetu. Pale dirishani, nikiangalia lile bonde lote lililolala, niliwaza mashina ya baba yanayofanya kazi mwaka mzima bila likizo, nikaona pengine ndiyo maana yanazeeka mapema.

Bonde lile lina mji mdogo unaoitwa De Doorns, na barabara tuliyokuwa tunapita ndiyo vibarua wa mashamba waliiziba mwishoni mwa mwaka 2012. Mshahara wa chini wa kibarua wa shamba ulikuwa randi 69 kwa siku. Walidai 150. Mgomo ulienea wilaya nyingi za Western Cape, na Machi 2013 serikali ikapandisha hadi 105. Zabibu za hapo ni za mezani, zile kubwa zisizo na mbegu zinazopakiwa kwa boksi kwenda Ulaya. Mama wa Worcester alikumbuka matairi yaliyochomwa. Alinionyesha mahali kwa kidole, lakini palikuwa lami tu.

Baada ya hapo ni njia ya chini ya mlima, karibu kilomita nne gizani, halafu Paarl, halafu kwa mbali Mlima wa Meza, ukiwa umefunikwa na wingu la mvua kiasi kwamba meza sikuiona hadi siku ya tatu.

Cape Town mvua zake ni za baridi. Julai ndiyo masika yao, na upepo unatoka kaskazini-magharibi ukiwa umebeba bahari nzima. Nilipanga kitanda katika hosteli ya Long Street, chumba cha watu wanane, madirisha yakigongwa usiku kucha. Wenzangu walikuwa Wajerumani wawili, Mbrazili, na kijana wa Bulawayo ambaye hakuwa mtalii. Alikuwa anatafuta kazi, na kitanda cha hosteli kilimgharimu nafuu kuliko kupanga chumba. Tulipika ugali pamoja. Wao wanauita pap. Aliukoroga kwa mtindo wake, mwepesi, nikamwachia kwa heshima.

Mlima nitausema kwa kifupi, kwani kila mtu ameandika juu yake. Gari la kebo lilikuwa limefungwa kwa matengenezo yake ya kila mwaka, nikapanda kwa miguu kupitia bonde la Platteklip, ngazi za mawe zisizo na mwisho, hadi juu, mita elfu moja na ushee. Nilitumia saa mbili na nusu, na nusu saa nzima kati ya hizo nilikuwa nimekaa. Juu kulikuwa na ukungu na pimbi. Pimbi wale wale wa majabali ya Dodoma, wanene zaidi, wakiota jua lisilokuwepo. Robben Island, kile kisiwa cha gereza, sikufika. Bahari ilichafuka siku zote mbili nilizojaribu.

Kilichonishika ni mitaa ya chini.

Jumapili asubuhi nilipanda Bo-Kaap kwa harufu. Ni kilima kifupi juu ya mji chenye nyumba zilizopakwa rangi za pipi, na watalii huja kwa ajili ya rangi. Lakini Jumapili asubuhi wanawake wa pale hukaanga koesister: unga uliotiwa iliki, mdalasini, na tangawizi, unakaangwa, unachovywa kwenye shira, kisha unagaragazwa kwenye nazi kavu. Aliyewahi kula kaimati Ramadhani akafuatisha na hamri la iliki ataelewa bila maelezo. Nilinunua matatu mlangoni kwa bibi mmoja aliyejifunga mtandio, nikayala nimesimama kwenye manyunyu. Nikarudi kununua mengine matatu. Bibi akasema, "Kanala, subiri yapoe." Kanala ni "tafadhali" yao, neno lililotoka na mababu zao visiwa vya Indonesia na kubaki hadi leo ndani ya Kiafrikaans.

Msikiti wa Auwal upo hatua chache kutoka pale. Ni wa mwaka 1794, wa kwanza nchini. Imamu wake wa kwanza alikuwa mwana wa kifalme wa kisiwa cha Tidore ambaye Waholanzi walimfunga Robben Island. Watu wanamwita Tuan Guru, na msahafu aliouandika kwa mkono wake kutoka kichwani, akiwa hana kitabu mbele yake, bado upo. Katika madrasa za mtaa ule watoto walifundishwa dini kwa Kiafrikaans kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya lugha hiyo. Mtu aliyeona tenzi za Pate na Lamu katika hati zake hatashangaa. Mimi nilishangaa, kwa sababu nilikwenda nikiamini Kiafrikaans ni lugha ya makaburu basi.

Mzee mmoja nje ya msikiti alinisalimia kwa salamu ya Kiislamu, akauliza natokea wapi. "Tanzania." "Ah, Zanzibar!" Nikasema ndiyo. Ukiwa nje, kila Mtanzania ni wa Zanzibar, na kumweleza mtu habari za Dodoma kwenye mvua ni kazi.

Kesho yake nilikuwa Church Square, uwanja mdogo katikati ya mji, mkabala na jengo walimokuwa wakilazwa watumwa wa kampuni ya Kiholanzi. Uwanjani kuna matofali makubwa kumi na moja ya mawe meusi, yamechongwa majina. Watu wanakalia matofali yale wakila chakula cha mchana. Nami nilikalia moja kabla sijagundua. Watumwa wa Cape walipewa jina moja, kisha mahali walikonunuliwa: fulani wa Bengal, fulani wa Madagaska, fulani wa Msumbiji. Wengine walipewa mwezi. Hadi leo kuna koo huko zinazoitwa September, April, February.

Wa Msumbiji hawakuwa wachache. Desemba 1794, mwaka ule ule wa msikiti, meli ya Kireno iitwayo São José iliyotoka Kisiwa cha Msumbiji kwenda Brazil ilivunjika kwenye miamba ya Clifton, chini ya majumba ambayo leo ni ghali kuliko yote mjini. Ilikuwa na watu zaidi ya mia nne chini ya sitaha, na zaidi ya mia mbili walikufa maji mbele ya pwani. Waliookolewa waliuzwa pale pale. Wengi wanadhaniwa walikuwa Wamakua, watu ambao ukienda Masasi au Tunduru unawakuta. Mabaki ya meli yalipotambuliwa, mwaka 2015, wazamiaji walimwaga juu yake udongo ulioletwa kutoka Msumbiji.

Nilikuwa nimesoma kwenye bango sehemu fulani kwamba tarehe 2 Februari 1659 Jan van Riebeeck, kamanda wa kwanza wa Waholanzi hapo, aliandika katika shajara yake akimshukuru Mungu kwamba siku hiyo waini imekamuliwa kwa mara ya kwanza kutoka zabibu za Cape. Tarehe hiyo wenye mashamba wanaikumbuka kama siku ya kuzaliwa. Shehena kubwa ya kwanza ya watumwa ilikuwa imeshuka bandarini mwaka uliotangulia, 1658. Mimi ukiniambia "waini imekamuliwa", nauliza imekamuliwa na nani. Najua ile kazi. Mwaka mmoja wanunuzi hawakutokea Mpunguzi, tukakamua wenyewe, siku tatu, miguu ikabadilika rangi hadi magotini, mchuzi wa zabibu ukajaa mapipa yote ya kijiji na hakuna aliyekuja kuuchukua. Kitenzi hicho hakifanyiki bila mtu.

Jioni ile, nikishuka upande wa bandari, nilipita chini ya daraja la barabara kuu itokayo mjini, ile iliyopewa jina la Mandela. Kwenye nguzo za zege kulikuwa na maandishi. Nikapita, nikasimama, nikarudi. Yalikuwa Kiswahili. Majina ya watu, majina ya mitaa ya Dar, michoro ya meli.

"Oya, unasoma nini mwanangu?"

Kijana alikuwa amekaa juu ya kreti na wenzake wawili, moto mdogo ndani ya kopo. Nilimsalimia, "Mambo," akanijibu, "Poa, za nyumbani?" na hapo hapo, bila kuniuliza jina, "Mwendokasi umefika Mbagala?" Nikamwambia umefika. Akawageukia wenzake: "Si niliwaambia?" Inaelekea ulikuwa ubishi wa muda mrefu.

Hawa hujiita mabaharia. Ni vijana wa Dar, Tanga, hata bara, wanaokaa pale karibu na uzio wa bandari wakivizia meli ya kuzamia, yaani kujificha ndani bila tiketi. Huyu alitoka Temeke miaka minne iliyopita, akavuka nchi moja hadi nyingine kwa malori na kwa miguu. Ameshazamia mara mbili. Mara ya kwanza alikutwa kabla meli haijaondoka gatini. Ya pili ilimfikisha Senegali, wakamrudisha. Aliniambia mambo mengine ambayo sitayaandika hapa. Aliposikia nimekuja kuangalia mashamba ya zabibu alicheka hadi akakohoa. Zabibu anazijua. Zinaanza kuteremka bandarini kuelekea mwisho wa mwaka, kwenye makontena yenye friji, mchana na usiku.

"Zabibu zinapata viza, bro," alisema. "Mimi nasubiri."

Nilimwachia kofia yangu na randi kadhaa. Nilipofika hosteli nikakumbuka kwamba sikumuuliza kama nyumbani wanajua alipo.

Kwenda Stellenbosch kuna magari ya watalii yanayokuchukua hosteli asubuhi na kukurudisha jioni ukiwa umelewa. Mimi nilipanda taksi za pale, yaani daladala za Hiace, kutoka juu ya paa la stesheni ya treni. Konda wao wanamwita gaatjie, ananing'inia mlangoni akipiga mluzi na kutaja vituo kwa sauti ya puani, na anaweza kukwambia gari halijajaa wakati wewe umekalia goti la mtu. Nilijihisi Ubungo. Bellville nilibadilisha gari, na huko nikapata chai ya maziwa na iliki kwa Msomali mwenye duka la simu. Aliposikia lafudhi yangu akahamia Kiswahili cha Eastleigh, "Karibu ndugu yangu, umepotea ama?" Amekulia Nairobi, na Bellville imejaa wenzake. Hakutaka hela ya chai. Alitaka kujua bei ya mchele wa Mbeya.

Stellenbosch ni mji wa mialoni na kuta nyeupe. Ulianzishwa 1679 na kamanda Simon van der Stel, aliyeupa jina lake mwenyewe, na maji bado yanapita kwenye mifereji midogo pembeni mwa barabara kama yalivyochimbiwa zamani kumwagilia bustani. Ni mzuri. Nitasema hivyo bila kujibana. Milima ya bluu imeuzunguka, na mashamba yanaanzia nyuma ya nyumba za mwisho. Upande wa pili wa bonde, juu ya kilima, ni Kayamandi, mabati yamebanana, na ukisimama katikati ya shamba unayaona yote mawili bila kugeuza shingo.

Kuonja waini ni kipindi cha vichekesho kwa mtu wa Dodoma. Unaketi, unamiminiwa glasi tano zenye vidole viwili kila moja, na dada mwenye tai anakusimulia kwamba hii ina harufu ya nanasi, ile ina moshi na ngozi. Mezani kuna ndoo. Jirani yangu wa meza, Mholanzi, alisukutua mdomo akatema. Waini imelipiwa, inatemwa! Nilimwazia mama yangu. Nilionja Pinotage, zabibu yao wenyewe, iliyozalishwa 1925 na profesa Abraham Perold wa chuo kikuu cha mji ule kwa kuchanganya aina mbili za Ufaransa. Kwangu ilikuwa kama kunywa ubao. Halafu ikaja nyeupe, Chenin, ambayo wao tangu zamani huiita Steen, na hiyo niliitambua kabla dada hajamaliza maelezo. Ipo Dodoma. Baba ana mistari minne. Ile yake ina ukali wa jua, na hii ilikuwa imetulia kama mtu aliyelala usiku mzima, lakini ni ile ile. Niliimeza yote.

Siku iliyofuata niliazima baiskeli nikaifuata barabara ya mashamba hadi nilipowaona. Watu kumi na wawili hivi, wengi wanawake, mabuti ya mpira, kofia za sufu, wametawanyika kila mmoja na mstari wake. Niliegesha baiskeli kwenye uzio nikaangalia. Baada ya dakika kama kumi mwanamke wa mstari wa karibu alinyanyua kichwa akauliza, kwa Kiingereza cha kuvuta, kama nimepotea.

"Hapana, tannie," nilisema. Tannie ni shangazi kwa Kiafrikaans; kijana wa Bulawayo alikuwa amenifundisha kwamba mwanamke aliyekuzidi umri humwiti kwa jina. "Kwetu tunalima zabibu. Baba yangu anataka kujua mnaacha macho mangapi."

Aliniangalia kama anapima iwapo namtania. Kisha akaniita kwa mkasi. "Ruka."

Shina lilikuwa nene kama paja, limegawanyika mikono miwili iliyolala juu ya waya, mmoja kulia, mmoja kushoto, na juu ya kila mkono matawi ya mwaka yamesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka. Tannie alishika tawi la kwanza, kidole gumba chini. Hakuhesabu. Mkasi uliingia juu ya jicho la pili, kwa mshazari, mteremko ukiangalia upande ambao jicho halipo, maji ya mvua yasije yakaliangukia. Kacha. Tawi likadondoka. La pili lilikuwa jembamba kuliko penseli, akaliondoa lote. La tatu, macho mawili. Alikuwa anaacha ngumi moja ya nafasi kati ya kisiki na kisiki, na alipima kwa ngumi kweli, akiiweka pale na kuitoa. Shina zima lilichukua dakika mbili au pungufu. Nyuma yake binti mmoja alikuwa na kopo na brashi, anapaka rangi nzito juu ya vidonda vikubwa, fangasi wasiingie wakalioza shina kutoka ndani. Hilo sisi hatufanyi. Tunakata, tunaondoka, na tunalaumu mchwa.

Wanaume wawili mbele walikuwa na mikasi ya betri. Tannie alisema amejaribu, haipendi, haisikii mti.

Alinipa wake. Nilikata matatu akiwa ananitazama. La kwanza nilikaribia sana jicho. Alibonyeza ulimi. La pili sawa. La tatu mkono ulifuata mazoea yake, ukaacha macho matatu, na kabla sijaurudisha mkasi alishaniondolea la juu kwa kucha, kwa dharau ya kitaalamu kabisa.

Tuliongea huku akifanya kazi, mimi nikitembea kando yake. Amezaliwa kwenye shamba, mama yake vile vile. Jina la ukoo wake ni la mwezi. Alilitaja kama mtu anavyotaja namba ya nyumba, nikakumbuka matofali ya Church Square na nikanyamaza. Bibi yake alilipwa sehemu ya ujira kwa waini. Mfumo huo waliuita dop: kopo asubuhi, kopo tena, kopo mchana, hadi jioni, watu wazima wote wa shamba. Sheria ilikuja kuupiga marufuku katika miaka ya 1960 lakini mashambani uliendelea kwa miongo mingine, na watoto waliozaliwa wameathiriwa na pombe tumboni katika mkoa ule ni miongoni mwa wengi kuliko popote duniani palipopimwa. Tannie hanywi. Hajawahi kuonja, alisema, waini ya mstari anaoupogoa. "Hiyo ni ya kuuza."

Niliuliza wanafanya nini na matawi yaliyokatwa. Mengine yanasagwa yanarudi ardhini. Mashina ya zamani yaking'olewa huuzwa kwa mifuko barabarani, kuchomea nyama. Moto wake una harufu nzuri. Saa sita walikuwa wamewasha wa kwao ukingoni mwa shamba, soseji juu ya wavu. Msimamizi alikuja na gari, akauliza mimi ni nani, tannie akamjibu kwa Kiafrikaans maneno ambayo wote waliyacheka. Sikutafsiriwa. Nilipewa soseji.

Nilimpigia baba jioni. "Shikamoo baba. Mawili."

"Marahaba. Mawili?" Kimya. "Umehesabu vizuri?"

"Nimekata mwenyewe. Na ngumi moja katikati."

Kimya kingine. "Na kilo wanauza bei gani?"

Nilirudi Mpunguzi mwishoni mwa Septemba, mavuno yakiwa yamekwisha na vumbi limetanda hadi kwenye chai. Baba alikuwa shambani na mkasi wake uliofungwa raba kwenye mpini. Nilimweleza yote, mshazari, vidonda, rangi, jinsi miti ilivyolala bila jani moja. Alisikiliza, akakata tawi lililo mbele yake. Macho matatu.

"Hao wana baridi," alisema. "Huku jua litakuua moja, mchwa wakuue jingine. Ukiacha mawili unabaki na nini?"

Nikamwomba anipe hata sehemu ndogo ya kujaribu. Alisimama, akaangalia shamba kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukipata. Akanipa mstari mmoja, wa mwisho kabisa, ule wa karibu na kichuguu, ambao nusu yake umeshaliwa.